Kalamu Kumi, Hadithi Moja: Huu Nao Ni Uandishi

Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Mwiba ninaotaka kuuzungumzia ni mchezo ambao wengi wetu huucheza wakati wa likizo, na ambao wazazi na walimu wakiusikia hutikisa kichwa na kusema, "Upuuzi mtupu!" Nao ni ule mchezo wa kuandika hadithi kwa zamu mtandaoni. Kila mmoja humiliki mhusika wake, huandika aya yake, kisha humwachia mwenzake aendeleze. Mara nyingi ulimwengu wa hadithi yenyewe huwa umechotwa katika michezo ya video, au gemu kama tunavyoziita mtaani.

Maoni yangu nayatoa bila kupepesa macho. Huo ni uandishi halisi, tena ni shule nzuri ya uandishi. Hasara iliyopo ni kwamba twaucheza kwa Kiingereza peke yake, huku Chama chetu cha Kiswahili kikilia kila mwaka kwamba hakina watunzi. Watunzi wapo, jamani! Wamo mabwenini humu humu, ila wanatungia lugha nyingine.

Kwa faida ya wasomaji ambao hawajawahi kuuona mchezo huu, nitaueleza kwa mfano. Tuseme mhusika wangu ni Kirobo, kijana mwizi wa farasi. Naandika hivi: Kirobo alisimama mbele ya lango, mvua ikimtiririka shingoni. Alibisha mara tatu. Hapo naweka kalamu chini. Siwezi kuandika kwamba lango lilifunguliwa, kwa maana mlinzi wa lango si wangu. Mlinzi ni Saida, na mwenye Saida yuko kwao, pengine anaosha vyombo, pengine amelala. Baada ya saa moja au siku mbili jibu linakuja: Saida hakufungua. Alichungulia tunduni akauliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Swali hilo sikulitazamia hata kidogo. Kirobo wangu hakuwa na baba wala mama. Nilimzua tu akiwa mwizi tayari. Sasa sina budi kumtafutia ukoo, na sababu ya kuiba, na uongo wa kumwambia Saida. Hivyo ndivyo hadithi inavyokwenda. Hakuna anayejua mwisho wake, hata walioianzisha.

Mchezo huu una sheria zake, na ukizitazama vizuri utaona kuwa ni zile zile tunazofundishwa darasani. Sheria ya kwanza ni kwamba ulimi wa mwenzako si wako. Huruhusiwi kumsemesha mhusika wa mwingine, wala kuamua kwamba upanga wako umempata. Waweza kuandika kwamba ulimrushia. Kama umempata au amekwepa, mwenyewe ndiye atakayesema. Anayevunja sheria hii huambiwa kwamba anajifanya mungu, na akizidi hutengwa. Sheria ya pili ni kwamba mhusika hajui yote unayoyajua wewe. Mimi nimesoma kwamba Saida ameficha ufunguo chini ya jiwe, lakini Kirobo hakuwapo; akienda moja kwa moja kwenye jiwe hilo, wenzangu watapiga kelele. Je, hiyo si ile tofauti ya mwandishi na mhusika ambayo mwalimu wa fasihi huirudia hadi sauti ikamkauka?

Sheria ya tatu inahusu mhusika asiye na dosari: mzuri kuliko wote, hodari kuliko wote, mwenye kupendwa na kila mtu. Mhusika wa namna hii huchekwa na kuitwa Mary Sue. Jina hilo lilitoka katika kejeli fupi aliyoiandika Mmarekani Paula Smith mwaka wa 1973, akiwakejeli mashabiki wa Star Trek waliokuwa wakijitungia wahusika malaika. Sisi darasani twajifunza habari za mhusika bapa na mhusika duara, twakariri, twaandika mtihani, twasahau. Mtandaoni ukileta mhusika bapa hakuna atakayetaka kuzungumza naye. Utakaa peke yako langoni, unanyeshewa.

Sasa tugeukie gemu zenyewe, kwa kuwa ndizo zinazolaumiwa zaidi. Wako wasemao kwamba gemu na uandishi ni maji na mafuta. Historia yasema vingine. Mwaka wa 1974 huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons. Haukuhitaji umeme wala kioo. Ulihitaji karatasi, penseli, dadu na watu walioketi mezani wakisimuliana hadithi, kila mmoja akiwa ndani ya mhusika wake. Katikati ya miaka ya 1970 hiyo hiyo, Will Crowther, mtaalamu wa kompyuta aliyependa kutalii mapangoni, alitunga mchezo wa kompyuta kwa maneno matupu, akiufuatisha na pango kubwa la Mammoth lililoko Kentucky. Mchezaji aliandika neno au mawili, na kompyuta ikamjibu kwa sentensi kumwambia yuko wapi na anaona nini. Kisha mwaka wa 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianza kuandika programu iliyoitwa MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Humo watu kadhaa waliweza kuingia katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja, wakazungumza na kupigana, yote kwa kuandika. Picha za kumetameta zilikuja baadaye. Kwa hiyo mtoto anayetoka kwenye gemu na kwenda kuandika hajapotea njia, amerudi nyumbani.

Tena gemu nzuri humwachia mchezaji mapengo. Katika The Legend of Zelda, mchezo uliotolewa Japani mwaka wa 1986, shujaa Link hana maneno yake mwenyewe. Katika Pokémon, iliyoanza huko huko Japani mwaka wa 1996, kijana unayemwongoza huzunguka nchi nzima karibu bila kusema neno. Anawaza nini? Mamake aliyemwacha nyumbani anasemaje? Gemu halisemi. Katika Final Fantasy VII ya mwaka wa 1997, msichana Aerith anauawa hadithi ikiwa bado mbichi, na mchezaji hawezi kumwokoa, afanye afanyavyo. Gemu linaendelea na safari. Lakini je, wenzake walilala vipi usiku ule? Nani aliyekunja nguo zake? Mtoto anayejiuliza swali kama hilo, kisha akashika kalamu kulijibu, amekwisha kuingia katika kazi ya mwandishi, atake asitake.

Najua pingamizi la kwanza litakalotolewa. Litasema, "Lakini hiyo ni kazi ya kuiga! Ulimwengu si wake, majina si yake." Kwa pingamizi hili ninawaomba twende mpaka kijiji cha Haworth, Uingereza, mwaka wa 1826. Kasisi Patrick Brontë alirudi kutoka mji wa Leeds akiwa na kisanduku cha askari 12 wa mbao, zawadi ya mwanawe Branwell. Dada zake Charlotte, Emily na Anne wakavamia, kila mmoja akajichagulia askari na kumpa jina. Charlotte, aliyekuwa na umri wa miaka 10, alimwita wake Wellington. Branwell naye akamwita wake Bonaparte, majina ya majemadari waliovuma siku zile. Kitu cha kuchezea kutoka dukani, mashujaa wa kuazima! Lakini kutokana na askari wale watoto hao walijenga nchi nzima, wakaitungia vita, magazeti na siasa, wakaiandika katika vitabu vidogo vya kushonwa kwa mkono, herufi zikiwa ndogo mno. Baadaye Charlotte na Branwell wakaendeleza nchi yao ya Angria, nao Emily na Anne wakajitenga na kujenga ya kwao, Gondal. Waliendelea hivyo kwa miaka mingi. Mwaka wa 1847 Jane Eyre ya Charlotte ilichapishwa, pamoja na Wuthering Heights ya Emily na Agnes Grey ya Anne. Mwaka mmoja, nyumba moja, riwaya tatu. Nani tena atasema kwamba kuanza kwa kuazima ni aibu?

Hata tusiende mbali hivyo. Ni nani kati yetu ambaye hakucheza kalongolongo utotoni? Ulikuwa baba, yule alikuwa mama, mwingine mgonjwa, na matope yalikuwa ugali. Mgonjwa alipokataa kufa, hamkuweza kumlazimisha. Ilibidi daktari atafutiwe. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyoitaja, na hatukuifundishwa na mtu. Na utamaduni wa Mswahili umejaa tungo za kujibizana. Enzi za Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa mwanzo wa karne ya 19, uhasama wa Mombasa na Lamu ulipamba moto, na washairi wa pande mbili walirushiana tungo kama mishale. Mathias Mnyampala wa Tanzania aliijengea jina ngonjera, ambamo wahusika hupokezana beti wakibishana. Na katika kurasa za mashairi magazetini, mtu hutoa swali kwa beti, na malenga asiyemjua, aliye mji mwingine, humjibu. Watu hawa hawakuitwa wapuuzi. Tunawasoma darasani na kutahiniwa. Kuandika kwa zamu, basi, si jambo geni lililotua juzi likitoka angani.

Nikirudi kwenye faida, kubwa kuliko zote ni kwamba mchezo huu humpa mwandishi msomaji anayengoja. Insha yangu ya darasani husomwa na mtu mmoja, mwalimu mwenye madaftari 50 mezani, naye hana budi kuisoma hadi mwisho hata ikimchosha. Mwenzangu wa mtandaoni halazimiki. Nikiandika aya tatu za kueleza macheo, ati jua lilichomoza kwa haya kama biharusi, huyo haji tena! Anataka kujua Kirobo amejibu nini. Hivyo mtu hujifunza kukata maneno ya ziada, kuacha swali mwishoni, na kumwandikia mwenzake mahali pa kuingilia. Mambo hayo huwezi kuyapata kwa kukariri methali 20 usiku wa kuamkia mtihani.

Hata hivyo, sitaki nionekane wakili wa kila jambo. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na vingine vyaelea vikiwa na matundu. Wapo wenzetu ambao gemu limewameza. Shirika la Afya Duniani liliingiza uraibu wa michezo hii katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka wa 2019 na kuanza kutumika mwaka wa 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata madhara yakiwa dhahiri, kwa kawaida kwa miezi 12 au zaidi. Si kila achezaye ni mgonjwa, lakini aliye na dalili hizo asifichwe nyuma ya neno "ubunifu".

Pia kuna hatari ya watu. Unapoandika na usiyemwona, huyo Saida huenda ni msichana wa rika lako, na huenda ni mtu mzima mwenye nia nyingine kabisa. Hapa sina mzaha. Usitoe jina lako kamili, wala shule, wala mtaa. Akikuomba picha, au akitaka mhamie faraghani mzungumze mambo ambayo usingependa mamako ayasome, toka, kisha umwambie mtu mzima unayemwamini. Hadithi yoyote yaweza kuachwa katikati. Wewe hupaswi kuachwa hivyo. Lakini tufunge mlango dhidi ya mwizi, tusibomoe nyumba.

Sasa nifike kwenye kiini. Kikundi tunachoandika nacho wakati wa likizo kina watu sita. Mmoja yuko Eldoret, mwingine Tanga, na wengine wametawanyika. Sote ni Waafrika, sote Kiswahili twakijua. Lakini nchi yetu ya hadithi ina theluji! Ina mbwamwitu, ina kasri lenye minara, na watu wake hunywa mvinyo katika vikombe vya bati. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukanyaga theluji. Tumeipokea kutoka kwenye gemu kama tulivyopokea lugha yenyewe, bila kuuliza. Na lisilojulikana na wengi ni kwamba wale watoto wa Haworth waliiweka nchi yao ya kwanza kwenye pwani ya Afrika Magharibi, mahali wasipopajua ila kwa vitabu. Wao waliota Afrika wasiyoiona, nasi twaota Ulaya tusiyoiona. Tofauti ni kwamba wao waliiota kwa lugha yao.

Siku moja yule wa Tanga alikuwa na zamu ya kuandika maneno ya bibi kizee anayemgombeza mjukuu wake aliyerudi usiku. Alijaribu Kiingereza, akaona hakimkai kizee mdomoni. Akaandika kwa Kiswahili: "Haya, karibu bwana mkubwa. Mlango ulikuwa umekuzoea ukiingia na jua, leo umekukuta na popo." Basi! Kikundi kizima kiliamka. Kila mtu alitaka mhusika wake agombezwe na bibi yule. Kwa siku nne hivi tuliandika mengi kuliko mwezi mzima uliopita, na bibi kizee, ambaye awali hakuwa na jina, akawa nguzo ya hadithi. Kwa nini? Kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kumsikia. Mbwamwitu hatujamsikia.

Wengine husema Kiswahili hakifai kwa mambo ya gemu, eti hakina maneno. Ng'o! Upanga tunao, ngao tunayo, mizimu, majini, wachawi, mashetani, pepo za kusi na kaskazi, manahodha na maharamia vyote tunavyo. Kilichopungua ni watu wa kuvitumia. Huko Kameruni, kampuni ya Kiro'o Games ilitoa mwaka wa 2016 mchezo uitwao Aurion, uliojengwa juu ya ngano na tamaduni za Kiafrika. Kama mashujaa wa Kiafrika wameweza kuingia kwenye gemu, watashindwaje kuingia kwenye aya zetu?

Na mahali pa kuanzia hatuna haja ya kubuni. Karibu na Malindi kuna magofu ya Gedi, mji wa Waswahili uliohamwa katika karne ya 17. Kuna msikiti mkuu, kasri, visima na nyumba za mawe katikati ya msitu, na wachimbuaji wamepata humo vipande vya vyombo vya kauri kutoka Uchina. Mwaka wa 2024 UNESCO iliyatia magofu hayo katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kwa nini watu walihama, wataalamu bado wanajadili. Haya, mtu anayependa gemu ataka nini zaidi? Mji mtupu, visima, kauri iliyovunjika na swali lisilojibiwa! Lango limesimama pale. Kinachotakiwa ni mtu wa kubisha na mtu wa kuuliza, "Wewe ni mtoto wa nani?"

Kwa hiyo naleta ombi mbele ya Chama cha Kiswahili na mwalimu mlezi wetu. Tununue daftari moja la kurasa 200. Simu haziruhusiwi shuleni, na sizidai. Mchezo huu ulianza kwa karatasi na waweza kurudi kwenye karatasi. Daftari likae maktabani. Kila mwanachama atakayetaka awe na mhusika mmoja katika mji wa kale tutakaoujenga, na kila mtu aandike kwa zamu, isizidi nusu ukurasa. Asiguse mhusika wa mwingine. Usimulizi uwe kwa Kiswahili sanifu, lakini wahusika waseme kama wasemavyo watu: nahodha kwa Kimvita chake, na kijana wa mjini, akitokea, kwa Sheng yake. Akiandika mtu jambo lisiloeleweka, asikemewe, mhusika mwingine amwulize tu, "Wasemaje?" Naye mwalimu mlezi asije na kalamu nyekundu. Aje na mhusika wake kama sisi, angoje zamu yake kama sisi, na akijifanya mungu tutamwambia kwa heshima zote.

Mwisho wa mwaka sehemu bora zichapishwe katika jarida hili. Wahariri hawatalia tena kwamba hawana hadithi. Watalia kwamba kurasa hazitoshi. Na yule mwenzetu wa kidato cha kwanza ambaye hukaa kimya vipindi vyote, akiogopa kuchekwa kwa ngeli zake, huenda tukamgundua kuwa ndiye Saida wa lango letu.

Haba na haba hujaza kibaba, na aya na aya hujaza daftari. Kalamu yangu naiweka chini. Atakayenipinga asininung'unikie bwenini, naye aandike katika toleo lijalo, nami nitamjibu. Hata huko nako ni kuandika kwa zamu. Zamu ni yenu.